Muulize Fundi: Soma chuma kwanza, spea baadaye

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenye magari ya Kimarekani ya zamani, na karibu zote zina kilio kimoja: "Nimenunua spea, haikai." Nimechagua tano. Wengine mnisamehe. Na yule aliyeuliza kama anaweza kupaka gari rangi kwa brashi, jibu ni hapana.

Shikamoo Fundi. Nina Chevrolet Bel Air ya 1957, V8 (silinda nane). Pampu ya maji ilianza kuvuja, nikaagiza mpya ya Bel Air 1957. Bolti zote zimeingia vizuri, lakini puli imekaa nyuma kuliko ile ya krenki, na kila nikiwasha mkanda unaruka. Muuzaji anaapa kwamba ameleta pampu sahihi. Nani mwongo?
*Mwenye Bel Air*

Marahaba. Hakuna mwongo. Pampu ni ya 1957 kweli. Injini yako ndiyo siyo.

Chevrolet walianza kutoa ile V8 ndogo mwaka 1955, ikiwa na inchi za ujazo 265. Mwaka 1957 ikaja ya 283, baadaye 327, na mwaka 1967 ikaingia 350. Kwa umbo la nje ni ndugu wa tumbo moja, na vipande vingi huazimana. Raha ya magari haya iko hapo, na balaa yake iko hapohapo. Injini ya 350 inaingia kwenye gari la 1957 bila kelele nyingi, kwa hiyo watu wameziingiza tangu mimi sijaota ndevu, na hakuna aliyeacha barua kwenye dashibodi kumwambia mwenye gari anayefuata.

Sasa pampu. Hadi 1968, V8 ndogo za Chevrolet zilitumia pampu fupi: kutoka pale inapokalia injini hadi kwenye kitovu cha puli ni inchi 5 na nusu na ushee. Mwaka 1969 magari yao mengi yakahamia pampu ndefu, inayokaribia inchi 7, na puli zote zikabadilika kuifuata. Wewe una puli za pampu ndefu, ukafunga pampu fupi. Mkanda utaruka mpaka kiama.

Usiniamini mimi, amini chuma. Chukua tochi, brashi ya waya na kipande cha chaki. Nenda nyuma ya injini, upande wa kushoto, pale inapokutana na giaboksi, nyuma tu ya kichwa cha silinda. Chini ya tope la oili na rangi kuna namba zilizonyanyuka, zimetoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe. Sugua, kisha pitisha chaki juu yake kwa ubavu. Tarakimu zitajitokeza nyeupe. Ukisoma 3970010, hiyo karibu hakika ni 350, na gari lako halikuzaliwa nayo. Nyuma hapohapo, mara nyingi upande wa kulia, tafuta pia herufi moja yenye tarakimu pembeni. Hiyo ni tarehe ya kumiminwa: A ni Januari, B ni Februari, endelea hivyo hadi L, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. "C 15 0" kwenye bloku kama hiyo ni Machi 15, 1970. Gari la 1957 haliwezi kuwa na injini iliyomiminwa miaka 13 baadaye.

Dalili nyingine huhitaji hata kuchafua mikono. Injini ya 1957 ilishikiliwa kwa mbele na kule nyuma penye giaboksi. Mikono ya kushikilia injini ubavuni ilikuja na magari ya 1958. Ukiona mabano yamechomelewa kwenye chesesi, kulia na kushoto mwa injini, ujue kuna aliyepita hapo kabla yako. Angalia na rejeta pia. Kama imesogezwa mbele, mahali pa ile ya silinda 6, aliisogeza ili feni ya pampu ndefu ipate nafasi.

Kwa hiyo rudisha hiyo pampu, chukua ndefu, mkanda utakaa. Unaweza pia kubaki na fupi ukabadilisha puli zote, lakini zote maana yake zote, za krenki, za pampu na za dainamo au alterneta. Ukichanganya utarudi kuniandikia. Za zamani usitupe. Mimi niliwahi kuuza puli mbili kwa mnunua vyuma chakavu, tena kwa kilo, halafu nikazitafuta miaka 3.

Kisha fungua daftari. Andika namba ya injini, ya giaboksi, ya difu, ya kabureta. Ukiagiza spea, taja mwaka wa kile kipande. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari unakusaidia kununua vioo na milango.

Fundi, nina Dodge ya 1965. Nati za tairi za kulia zimefunguka kama siagi. Za kushoto zimeganda. Nimepaka mafuta ya kulegeza, nimerefusha spana kwa bomba, nimeshakata stadi (zile bolti zinazobeba nati) mbili. Ya tatu inalia.
*Mikono Chuma*

Weka bomba chini!

Unakaza, hufungui. Chrysler, pamoja na Dodge na Plymouth zao, hadi karibu mwaka 1970 waliweka upande wa kushoto nati zinazofunguka kinyume. Hofu yao ilikuwa kwamba mzunguko wa tairi ungezilegeza zenyewe. Futa uchafu kwenye ncha ya stadi, mara nyingi utaona herufi L imegongwa. Geuza spana kama mtu anayekaza nati ya kawaida, itafunguka.

Unaponunua stadi za kuziba hizo mbili, sema ni za kushoto. Na usifunge stadi za kawaida mbili katikati ya hizo nyingine, maana siku moja utapata pancha, na atakayekusaidia kubadilisha tairi atalaani ukoo wako wote.

Kwa kuwa umetaja spana: magari haya yanatumia inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye bolti ya nusu inchi, na ndiyo ubaya wake. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ile nafasi ndogo inayobaki inatosha kula pembe zote sita.

Shikamoo Fundi. Mustang yangu ya 1966 inaloa kapeti miguuni kwa abiria kila mvua ikinyesha. Nimebadilisha raba ya kioo cha mbele mara mbili. Fundi wa bodi sasa anataka kukata sakafu yote aweke mpya. Nikubali? Jambo la pili: muuzaji alisema ni V8 tangu kiwandani. Namba inaanza na 6R07T.
*Miguu Imeloa*

Marahaba. Usikubali, bado.

Mbele ya kioo kuna tundu za kuingizia hewa. Chini ya tundu hizo kuna sanduku la bati, na ndani yake kuna shingo mbili zilizonyanyuka, kulia na kushoto, zinazopeleka hewa ndani ya gari. Mvua hutakiwa kuzunguka shingo hizo na kutokea pembeni, chini ya matgadi. Lakini majani huingia, yanaoza, yanashika unyevu, na bati linaoza kuzunguka shingo. Unalotazama kwa juu ni zima, lina rangi inayong'aa. Mustang za 1965 hadi 1968 zinajulikana kwa ugonjwa huu.

Niliwahi kulala chali kwenye sakafu ya moja, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni, mwenye gari akimimina maji taratibu kwa jagi kupitia zile tundu. Upande wa dereva, kimya. Akahamia upande wa abiria. Kwanza nikaona tone moja likining'inia kwenye ukingo wa shingo, jekundu kama chai ya rangi, halafu likanidondokea jichoni, halafu yakaja mengine yote. Jaribio lilikwisha hapo. Mwenye gari aliendelea kumimina kwa sababu sikuweza kusema kitu na tochi mdomoni.

Fanya hivyo hivyo, ila vaa miwani. Ondoa kapeti, anza upande mmoja, kisha mwingine. Maji yakitoka kwenye shingo, sakafu mpya itaoza kama ya zamani. Dawa ni kufungua lile sanduku, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu bati la juu limeshikwa kwa vidoa vingi vya kuchomelea, na kila kidoa kinatobolewa kwa keekee, bila haraka. Vipande vipya vya sanduku zima vinatengenezwa. Mustang ni gari lenye bahati, hata bodi nzima unaweza kununua, kampuni ya Dynacorn inazitoa. Kuna pia kofia za plastiki za kugandisha juu ya shingo. Zinasitiri msimu mmoja au miwili. Mimi sizipendi, ila simcheki anayezitumia akiwa anakusanya fedha.

Sasa namba yako. 6 ni mwaka 1966. R ni kiwanda cha San Jose, California. 07 ni kupe, yaani gari la milango miwili. T ni injini ya silinda 6 ya inchi 200. Ingekuwa V8 ya 289, pale pangekuwa na C, A, au K kwa ile yenye nguvu zaidi. Hakikisha kwa kusoma namba iliyogongwa kwenye bati chini ya boneti, upande wa kushoto, maana kile kibati cha mlangoni kinatoka kwa kung'oa ribiti mbili.

Muuzaji kukudanganya ni jambo la pili. La kwanza ni hili: hesabu nati za tairi. Mustang ya silinda 6 ilitoka na nati 4, ya V8 na nati 5. Ukikuta 4, aliyebadilisha injini aliacha breki na usukani wa gari jepesi. Ngoma za mbele za silinda 6 ni inchi 9, za V8 ni 10. Usiliendeshe kwa kasi hadi ubadilishe mbele yote. Hili litangulie hata hayo maji.

Fundi, Chevrolet yangu ya 1953 inazungusha injini kwa uvivu, asubuhi ikigoma kabisa. Wenzangu wanasema nitoe volti 6 niweke 12. Unasemaje?
*Betri Mpya Kila Mwaka*

Nasema wenzako wanapenda kutumia fedha zako. Chevrolet wenyewe walihamia volti 12 mwaka 1955, na kabla ya hapo magari yaliwaka asubuhi kwa volti 6 bila taabu. Ukibadilisha, utabadilisha na balbu zote, koili, geji, mota ya hita na redio.

Kwa kazi ileile, volti 6 inahitaji mkondo wa umeme mara mbili ya ule wa volti 12, kwa hiyo waya wa betri lazima uwe mnene kama kidole. Watu huingia dukani, wanachukua waya wa gari la kisasa, wanafunga. Umeme unaishia njiani. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye chuma chanya cha betri, nyingine kwenye bolti ya stata, kisha mtu azungushe injini. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya umekula sehemu moja kati ya 12 ya ulicho nacho. Rudia upande wa nchi (waya unaokwenda kwenye chuma cha gari), kutoka betri hadi kwenye mwili wa injini.

Upande huo wa nchi ndio huwaumbua waliotoka kurekebisha gari. Chesesi imepakwa rangi nzuri nene, waya umefungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, ndipo upake. Chevrolet yako hasi ndiyo inakwenda kwenye mwili. Kama una rafiki mwenye Ford ya miaka hiyo, kwake ni chanya, usimwazime betri bila kutazama.

Fundi, nimeachiwa na marehemu baba Studebaker Lark ya 1960. Beringi za tairi za mbele zinanguruma. Kampuni ilikufa zamani. Nitapata wapi spea? Na hizi zinazouzwa kuwa "mpya za zamani", ziko kwenye maboksi ya kiwanda, ni salama?
*Mrithi*

Pole kwa msiba, na hongera kwa gari.

Studebaker walifunga kiwanda cha South Bend, Indiana, Desemba 1963, na cha Kanada mwaka 1966. Ajabu ni kwamba spea zao si adimu kama unavyodhani. Akiba kubwa ilibaki maghalani na ikaendelea kuuzwa, na wenye magari hayo wana chama kilichoshikamana. Nimeona watu wa Cadillac wakihangaika kuliko wao. Kila Oktoba kule Hershey, Pennsylvania, hupangwa soko la spea za zamani ambalo mtu hulimaliza kwa miguu siku nzima na bado hajaona yote.

Mpya za zamani: kama ni chuma, kioo, nikeli au taa, chukua na ushukuru. Kama ndani yake kuna raba, acha. Pampu ya mafuta iliyokaa kwenye boksi miaka 60 ina ngozi iliyokauka kama biskuti. Silinda ya breki vilevile. Nunua boksi ukiipenda, lakini ndani weka raba mpya, ile inayovumilia petroli ya sasa yenye spiriti.

Beringi zako hazihitaji Studebaker hata kidogo. Kiwanda cha magari hakikutengeneza beringi, kilizinunua kwa watengenezaji kama Timken, na namba za beringi hizo nyingi bado ziko sokoni. Itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, isipulizwe ikazunguka kwa upepo wa kompresa, kisha igeuze kwenye mwanga. Namba imechongwa kwenye ukingo, ndogo sana. Kikombe kilichobaki ndani ya habu kina namba yake tofauti. Ziandike zote mbili, za beringi ya ndani na za ile ya nje, ndipo uende dukani, na jina la gari usilitaje kabisa.