Binti anakaribia miaka 21 na kiapo cha uraia bado: afunge ndoa au asubiri?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina kadi ya kijani ya Marekani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Niliwajazia wanangu wawili fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu uhamiaji, kila mmoja yake, binti akiwa na miaka 18 na miezi 2. Maombi yalichukua miezi 13 kukubaliwa, na sasa tuko kwenye foleni ya viza. Binti anatimiza 21 miezi minne ijayo, mdogo wake ana 16. Usaili wa uraia nimefaulu, kiapo sijaitwa. Naambiwa akifika 21 faili lake limekufa. Tena ana mchumba, na wazee wanataka harusi kabla hajasafiri. Nifanyeje?

JIBU: Dada, naanza na harusi, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko hiyo tarehe ya kuzaliwa. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtoto ni aliye chini ya miaka 21 na ambaye hajaoa wala kuolewa. Binti akiolewa leo ukiwa bado na kadi tu, ombi lake linafutika, maana mwenye kadi hana fungu la kumwombea mtoto aliye kwenye ndoa. Akiolewa baada ya wewe kuapa, atahamishiwa kundi la F3, la watoto wa raia walio kwenye ndoa, ambako watu husubiri zaidi ya miaka 10. Ndoa ya kimila au ya kidini nayo huhesabika ikiwa sheria ya mahali ilipofungwa inaitambua. Wala msidhani viza ikishatoka mko huru: anatakiwa awe hajaolewa mpaka anapoingia Marekani.

Uchumba hauna kosa, na akiulizwa kwenye usaili aseme kweli. Akishaingia na kuwa na kadi yake, anaweza kurudi, akafunga ndoa, kisha akamwombea mumewe. Waambie wazee harusi imesogezwa mbele tu.

Sasa umri. Si kweli kwamba akifika 21 faili linakufa. Ile sheria ya 2002 ya kuwalinda watoto, CSPA, inamfidia kwa muda ambao serikali ilikaa na ombi lenu bila kulijibu. Kwenu ni miezi 13. Siku foleni inapomfikia, chukua umri wake wa siku hiyo, utoe miezi 13. Akiwa na miaka 21 na miezi 9, kisheria ana 20 na miezi 8, bado mtoto. Akiwa na 22 na miezi 2, hesabu inatoa 21 na mwezi 1, na hapo ameangukia F2B, kundi la watoto wa wenye kadi waliokwisha kutimiza 21, lenye foleni ndefu zaidi. Muda wa kusubiri foleni baada ya ombi kukubaliwa haupunguzwi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Foleni ikifunguka, ana mwaka mmoja wa kuchukua hatua. Jazeni DS-260, fomu ya kuomba viza ya uhamiaji, mara moja, msingoje mwaka huo ukaribie kuisha.

Njia iliyo bora kwenu ni kiapo. Ukiapa kabla hajatimiza 21, umri wake unagandishwa siku hiyo hiyo, anakuwa ndugu wa karibu wa raia, na hana foleni tena. Kwa hiyo wiki hii iandikie ofisi iliyokusaili, ambatisha cheti chake cha kuzaliwa, uombe kiapo cha mapema ukieleza sababu. Ukishaapa, peleka nakala ya cheti cha uraia kwenye Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, ili faili libadilishwe.

Ila tarehe ya kiapo ikiangukia baada ya siku yake ya kuzaliwa, usiape kabla ya kukaa na wakili akiwa na mafaili mkononi. Hapo sheria ni tata, mahakama zenyewe zimeshavutana na serikali juu yake, na kuna hali ambapo kubaki na kadi kwanza kunamlinda mtoto zaidi.

Huyo wa miaka 16 hanipi wasiwasi. Ulifanya vizuri kumjazia fomu yake, kwa sababu mtoto wa raia hawezi kupanda juu ya ombi la nduguye. Ukiwa raia, naye akaingia kwa viza ya uhamiaji kuishi nawe chini ya malezi yako kabla hajatimiza 18, anakuwa raia papo hapo kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 27, 2001. Kinachobaki ni kumwombea pasipoti.