Bapa la Kisu Linalopasuka

SWALI: Mhariri, ninafua visu kwa kujifurahisha, lakini bapa hupasuka karibu kila ninapolitumbukiza kwenye maji likiwa jekundu, na nimeanza kukata tamaa. Je, niendelee?

JIBU: Endelea, ndugu msomaji, kwa kuwa tatizo lako huenda ni maji wala si mikono yako. Feleji yenye kaboni nyingi, kama ile ya tupa kuukuu, hupoa kwa ghafla mno ndani ya maji, na mvutano unaozuka kati ya sehemu ya nje na ya ndani ndio unaoipasua, hasa pale ambapo ukingo umefanywa mwembamba mapema. Uache ukingo uwe na unene wa karibu milimita 1, kisha utumie mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi za Selsiasi, ukiwa na mfuniko wa chuma karibu, kwani mafuta huweza kuwaka. Rangi ya moto hudanganya macho, hususan mchana. Kwa hiyo ligusishe bapa na sumaku, na likiacha kunaswa, liongezee moto kidogo tu, ulitumbukize ncha ikitangulia. Tupa ikiteleza juu yake bila kuuma, limekuwa gumu, ila bado huvunjika upesi kama kioo. Siku hiyohiyo liweke kwenye oveni yenye nyuzi 200 kwa saa mbili, ulipoze, ulirudishe tena. Mpini utasubiri. Yale mabapa yaliyopasuka usiyatupe: yavunje utazame chembe zake, maana zikiwa kubwa na zenye kumetameta, uliyapasha moto kupita kiasi.