Kabla ya Kuongeza Kufuli, Jua Data Ni ya Nani

Jana jioni nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Mafinga anayejifunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. "Kaka, nimeweka alama kwa kila prosesa kuonyesha kuwa kuna taski, yaani kazi inayoendeshwa, imeingia eneo nyeti la msimbo lisilotakiwa kuvurugwa. Mara nyingine alama inabaki inawaka wakati ndani hakuna kitu. Shida ni nini?"

Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa ofisi moja hapa Mbeya. Nilisema kikaoni kwamba alama ile ni mali ya taski, si ya prosesa. Bosi akaniambia niachane na nadharia za chuo, niongeze kufuli, yaani kinga ya kufanya data iguswe na mmoja kwa wakati. Kufuli likaongezwa, tatizo likabaki palepale, mimi nikaitwa mjuaji. Mpaka leo inaniuma. Wiki iliyopita mteja wangu mwenyewe kaniletea kerneli yenye ugonjwa uleule. Nimehamishia alama kwenye taski, mashine imetulia, na ninajivunia.

Dada, angalia kinachotokea. Taski inauliza iko prosesa gani, inajibiwa 2, inawasha alama ya 2. Kabla haijamaliza kazi, skedula, inayopanga taski gani iende prosesa gani, inaisimamisha, kisha inakuja kuiamsha kwenye prosesa 5. Ikitoka, inazima alama ya 5 ambayo haikuwashwa na mtu. Ya 2 inaendelea kuwaka, na anayesubiri izimike atasubiri sana. Pale soko la Mwanjelwa daftari la meza hubaki mezani, ila pochi ya mteja huondoka na mteja. Wewe umeandika ya pochi kwenye daftari.

Ndiyo maana RCU (njia ya kerneli ya kusoma data bila kufuli), ile aina inayoruhusu taski kukatizwa katikati ya usomaji huweka hesabu yake, rcu_read_lock_nesting, ndani ya task_struct, rekodi ya taski yenyewe. Taski ikihama, hesabu inahama nayo.

Takwimu za pakiti za mtandao ni habari nyingine. Pale haijalishi nani kahesabu. Kila prosesa inaongeza kaunta yake bila kugombania kashe (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) na wenzake, ukitaka jumla unazikusanya zote. Kwa kaunta ya namna hiyo this_cpu_inc, amri ya kuongeza kaunta ya prosesa uliyopo, inatosha.

Vijana wenzangu, acheni kukimbilia kufuli! Kwanza uliza: taski ikihama, data hii iifuate au ibaki na prosesa? Ukishajibu, ndipo uchague kinga. Tena msidanganyike na migrate_disable. Inazuia taski kuhama tu. Taski nyingine bado inaweza kuingia kwenye prosesa hiyohiyo na kuchezea data ileile. preempt_disable inazuia hilo, lakini ukiwa ndani yake huruhusiwi kulala, yaani kusimama ukisubiri, na kwenye PREEMPT_RT (kerneli iliyopangwa kwa kazi za wakati halisi) spinlock ya kawaida, aina ya kufuli, inaweza kulala. PREEMPT_RT iliingia rasmi Linux 6.12 mwaka 2024, kwa hiyo msiseme haiwahusu. Kwa data ya prosesa tumieni local_lock, ipo tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020, na inaeleza wazi kinacholindwa. Swali ni lilelile: data ni ya nani?

Dada wa Mafinga, jenga kerneli yako upya ukiwa umewasha CONFIG_DEBUG_PREEMPT, chaguo la kunasa makosa ya namna hii. Ukiona dmesg (ujumbe wa kerneli) inalalamika kuhusu smp_processor_id, ile ya kuuliza uko prosesa gani, kwenye msimbo unaoweza kukatizwa, nakili mistari yote pamoja na orodha ya miito iliyo chini yake, unitumie.