Maabara ndogo na siri za wagonjwa: mimi nilijifunza kwa muuza karanga

Mkuu, umeuliza kama maabara yenye wafanyakazi watatu nayo inatakiwa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, au hayo ni ya hospitali kubwa na makampuni ya simu. Inatakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haiulizi kaunta yako ina urefu gani. Ukishaandika jina la mtu, namba yake ya simu na kipimo alichofanya, wewe ni mkusanyaji wa taarifa, na habari za afya zimo kwenye fungu la taarifa nyeti.

Usajili wenyewe haukunitesa. Unajaza, unalipia, unasubiri cheti. Kilichonitesa ni karanga, na hiyo ilikuwa zamani kabla hata ya sheria.

Maabara yangu ilikuwa jirani na stendi. Jioni moja nimefunga kazi, nikanunua karanga za mia mbili. Namaliza, nakunjua karatasi: fomu yetu ya maombi ya vipimo. Jina la mama mmoja wa mtaa wa pili, umri, na kaswende imewekewa tiki kwa mkono wangu mwenyewe. Nikarudi kwa yule bwana. Akanionyesha rundo, kauziwa kwa kilo na kijana wetu wa usafi, ambaye kwa kweli hakujua kosa lake. Sisi ndio tuliomwambia stoo imejaa, atoe makaratasi. Nilinunua rundo zima kwa elfu saba. Lakini alikuwa ameshafungia karanga siku nne.

Ndiyo maana wadau wakianza kunitajia wadukuzi huwa nacheka kidogo. Kwa biashara zetu siri huvujia mapokezi, stoo na kwenye simu.

Hiyo ya simu nayo imenikuta. Binti alikuja kupima mimba, akaandikisha namba ya shemeji yake kwa kuwa ndiye aliyemtumia hela ya kipimo. Mapokezi wakatuma majibu kwa namba iliyopo kwenye rejesta, kama kawaida. Yaliyofuata nyumbani kwao sitayasimulia hapa. Toka siku hiyo fomu yetu ina mstari wa pili: majibu apewe nani, kwa njia gani, na sahihi. Asiyejaza anakuja mwenyewe. Simu ya kutumia majibu ni ya ofisi na hailali nje. Kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ukitaka ushauri wa mwenzako unaweka namba ya sampuli, jina hapana, maana picha za majibu zinajihifadhi kwenye simu ya kila mtu, na simu hizo watoto wanachezea gemu.

Kuhusu idhini: sheria inataka idhini ya maandishi kwa taarifa nyeti, ila imeacha nafasi kwa mtaalamu wa afya anayemhudumia mgonjwa. Usiichukue nafasi hiyo ukaipeleka kwenye matangazo. Ushuhuda wa mteja uliobandika Instagram, na picha yake juu, umeuombea karatasi? Kama hukuomba, uondoe leo. Majibu ya VVU yana ulinzi wake tangu sheria ya UKIMWI ya 2008, hayo ni siri ya aliyepimwa.

Halafu yule fundi aliyekutengenezea mfumo, mwenye nakala ya wagonjwa wote kwenye laptopu yake. Huyo kisheria ni mchakataji, yaani anashughulikia taarifa kwa niaba yako, mwandikie mkataba. Adhabu ya kufichua taarifa kinyume cha sheria kwa mtu binafsi inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Kampuni hadi bilioni 5.

Makaratasi ambayo muda wake wa kutunzwa umekwisha tunachoma wenyewe, nami nasimama pale mpaka yawe majivu. Muuza karanga bado yupo stendi. Juzi kanifungia kwenye mtihani wa darasa la nne, jina la mtoto na alama zake zote.