Hamisi kwa mtoto aliyezaliwa Jumanne

Ndugu, umeuliza kama mwanao aliyezaliwa Jumanne anaweza kuitwa Hamisi, jina la babu yake, na uandike Hamisi au Khamis. Mpe tu. Asili yake ni siku ya Alhamisi, lakini kurithisha jina la babu kunatosha, na wala hakuna sharti la dini linalokuzuia.

Jina linatokana na Kiarabu, mzizi wenye maana ya "tano", uleule uliotupa hamsini. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, kwa hiyo Alhamisi ni ya tano kwao. Sisi tunaanza Jumamosi, ya tano ni Jumatano, kisha tukaiacha Alhamisi na jina lake la kigeni. Ndiyo maana wiki yetu ina "tano" mbili! Jina la kike ni Mwanahamisi.

Unguja na Pemba utakuta zaidi Khamis; bara, Hamisi. Burundi na mashariki ya Kongo huandikwa Amissi, kama yule mshambuliaji Amissi Tambwe aliyecheza Simba na Yanga.

Tahajia ndiyo itakayokusumbua. Tazama kitambulisho cha babu, ufuate herufi zilezile, kisha soma cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Cheti kikisema Khamis na shule ikaandika Hamis, kosa litaibuka kwenye cheti cha mtihani au pasipoti, na hapo utaanza kuhangaikia hati ya kiapo kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule.