Viza ya kustaafu: mwangalie mama watoto kwanza

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una miaka 58, unastaafu mwakani, mama watoto ana 37, mna wawili wa shule ya msingi na kijana wa 17 ambaye mama alikuja naye. Unataka kujua kati ya Thailand, Ureno, Afrika Kusini na Morisi ni wapi viza ya kustaafu inapatikana bila kusumbuana. Waliotangulia kukujibu wamekupa bei ya nyumba na bei ya samaki. Mimi nilihama na familia inayofanana na yako, tukakaa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, miaka miwili na ushee, na leo nakuandikia nikiwa South B, Nairobi. Kwa hivyo nina neno.

Viza hizi zinamtazama mzee. Zinauliza umri wake, pensheni yake, akiba yake. Mke na watoto wanafuata nyuma kama behewa. Na wewe unamzidi mama watoto miaka 21. Kabla hujapiga hesabu yoyote, jiulize hivi: nikifumba macho Jumanne, Jumatano asubuhi yeye ni nani katika nchi ile? Mimi sikujiuliza.

Thailand ilinivuta kwa sababu masharti yake ni mepesi kueleweka. Uwe umefika miaka 50. Uwe na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Ukitumia akiba, pesa ziwe zimelala kwenye akaunti miezi miwili kabla ya kuomba kuongezewa mwaka, zikae mitatu baadaye, na kuanzia hapo zisishuke chini ya 400,000. Kila siku 90 unaripoti mnakoishi. Mke ambaye hajafika 50 anaingia kwa mgongo wa mume, pamoja na watoto ambao hawajatimiza 20. Nikasema basi, kazi imekwisha.

Mke wangu alikuwa na saluni hapa South B, viti vinne na wasichana watatu. Kwamba viza ya mtegemezi haina ruhusa ya kazi, hilo nililijua, nikamwambia apumzike. Nisilolijua ni kwamba Thailand ina orodha ya kazi walizowekewa wananchi wake peke yao, na kutengeneza nywele imo. Hata angehangaika mpaka apate kibali cha kazi, kitana kingebaki kwenye droo. Wanawake wa Kiafrika waliokuwa pale mjini walimsihi awasuke, akaogopa. Akawa anamsuka binti yetu tu. Jumamosi anasuka, katikati ya wiki anafumua, Jumamosi anasuka tena. Mtu wa miaka 39 mwenye mikono yake hapumziki, ndugu. Anazeeka.

Kilichotufungua macho ni Machi ya mwaka wa pili. Miezi hiyo mashamba na misitu ya kaskazini huchomwa, moshi unatanda juu ya mji hadi huoni mlima. Kifua kikanibana, nikalazwa siku tisa. Muda wetu wa viza ulikuwa unaisha wiki ileile. Mke akabeba faili, akaenda uhamiaji peke yake. Karani akaifungua, akapekua. Karatasi za mama watoto na za watoto zilikuwa zimebanwa kwa klipu nyuma ya zangu. Akaitoa klipu, akazitazama zile za nyuma, akazirudishia klipu yake, akauliza kwa upole kabisa, "Mume yuko wapi?" Basi. Bila mimi kuongezewa mwaka, wao hawakuwa na cha kuongezewa. Siku mbili kabla ya muda kuisha nilisukumwa mpaka pale kwa kiti cha magurudumu, sindano ikiwa imenitoka mkononi asubuhi hiyohiyo. Simlaumu karani. Ndivyo viza ile ilivyo. Usiku ule mke akaniambia, "Mzee, ungekufa wangenipa siku za kukuzika na za kufungasha." Tulirudi Nairobi shule zilipofunga.

Sasa hiyo orodha yako. Afrika Kusini wanataka uonyeshe randi 37,000 kwa mwezi, kibali ni cha hadi miaka minne, na karibu na nyumbani ni karibu, lakini kibali cha mstaafu hakimpi mke ruhusa ya kazi. Morisi wanataka miaka 50 na wanatoa kibali cha miaka kadhaa. Ni kirefu, lakini tegemeo bado ni wewe. Uhispania hukuitaja, nami nakuambia usiitaje: mwombaji anaonyesha euro 2,400 kwa mwezi na 600 kwa kila anayemfuata, kwa hivyo nyinyi watano ni 4,800, na kazi hamruhusiwi. Na yule aliyekujibu umjaribu binamu yako wa Dallas, mwambie Marekani haina viza ya kustaafu kabisa. Uingereza ilikuwa nayo, wakaifunga 2008.

Ureno ndiyo niliyokaa nayo usiku na mchana, kwa sababu ya mke. Viza yao inaitwa D7, haina umri wa chini, wanachotaka ni kipato kisicho cha ajira: pensheni, kodi ya nyumba, gawio. Kipimo ni mshahara wa chini wa nchi, ambao 2025 ulikuwa euro 870. Mke anaongezewa nusu yake, kila mtoto asilimia 30. Kwa watano wenu kipimo cha 2025 kinafika euro 2,088 kwa mwezi, na kinapanda na mshahara kila unapopandishwa. Mke akishapata kadi yake ya ukaaji anaruhusiwa kufanya kazi, hata ya kusuka. Na mjane ana nafasi kisheria ya kuomba kibali kwa jina lake. Sheria yao ya wageni ilikazwa 2025, hasa kwenye kumleta mwenza baadaye, kwa hivyo mambo ya "nitangulie niwaandalie" yaweke kando.

Sisi tumefanya jambo jingine kabla ya kuomba hiyo ya Ureno. Vyumba vyetu vya kupangisha Kitengela vilikuwa kwa jina langu. Tumeviandikisha kwa majina yote mawili, na sehemu ya kodi inaingia akaunti yake tangu mwaka jana. Anayekagua ataona mwanamke mwenye kipato, na mimi nikiondoka kile kipato hakizikwi nami.

Makaratasi yaanze leo. Kama mlioana kimila tu kama sisi, nendeni mkaisajili ndoa. Nilijaribu kumweleza mtu wa ubalozi maana ya ruracio, yaani mahari ya Kikuyu, akaniangalia kama ninayemsimulia ndoto. Baada ya kusajili, cheti kinapelekwa wizara ya mambo ya nje kugongwa muhuri. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, halafu alama za vidole. Usikichukue mapema mno, nchi nyingi hazipokei cha zamani.

Shughuli itakuwa kwa huyo kijana. Baba yake mzazi yu hai? Watataka idhini yake iliyoandikwa, au amri ya mahakama. Binti yetu naye mama alikuja naye, na baba yake mzazi alikuwa Nakuru, hakupokea simu majuma matatu, halafu akaja na nduguye na masharti yao, tukakaa kwa wakili hadi jioni akatia sahihi na kuomba nauli. Nikampa. Na kijana wako akishafika 18, nchi nyingi humhesabu mtu mzima, unaanza kuthibitisha kwamba bado unamlisha na anasoma.

Anafikisha 18 mwezi gani? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.