Janani Luwum alikuwa nani hasa?

Swali: Mhariri naomba unifafanulie, Askofu Mkuu Luwum wa Uganda alitokea wapi mpaka akauawa? Sie vijana tunajua tu sikukuu yake ya 16 Februari.

Jibu: Ndugu msomaji, alizaliwa 1922 Mucwini, Kitgum, akawa mwalimu, 1948 akaokoka akaenda kusomea uchungaji, 1969 akawa askofu na 1974 askofu mkuu wa Anglikana. Hapo ndo mambo yakawa magumu, maana yeye na wenzie walimwandikia Idi Amin barua wakilaani watu kuuawa hovyo, basi watu wa Amin wakamkamata Luwum 16 Februari 1977, kesho yake redio ikatangaza eti amekufa kwa ajali ya gari kumbe mwili ulikuwa na matundu ya risasi, mi hilo linaniuma mpaka leo. Kaburi lake lipo kwao Mucwini.